Salamu Tuliyoikataa

Soma: Yohana 13:1–17

Popote mlipo, ikiwa mko jikoni mkiwasha moto, au mko safarini, au mmelala kitandani wagonjwa, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache. Mwenye Biblia karibu naye na aifungue katika Injili ya Yohana, mlango wa 13. Asiye nayo asikilize tu, maana habari yenyewe anaijua. Ni habari ya Bwana Yesu kuwaosha wanafunzi wake miguu.

Leo twapenda kuzungumza juu ya mwalimu na mwanafunzi, na juu ya heshima iliyo kati yao. Wengi wenu ni walimu. Wengine mna watoto shuleni. Na hata asiye na mtoto aliwahi kusimama siku moja mbele ya mwalimu huku magoti yakimtetemeka. Tutaanza na kosa letu wenyewe. Si kwamba lapendeza kusimuliwa, bali tumelibeba miaka mingi, na mzigo wa namna hii hupungua unapotajwa mbele ya ndugu.

Mwaka 1982 tulikuwa walimu wawili vijana, watu wa upande wa Kitale, tukifundisha katika shule moja si mbali na Lodwar. Kwa ninyi msiopajua, Lodwar ni mji ulio kando ya mto Turkwel. Mikoma imesimama ukingoni, na mchanga wake wakati wa adhuhuri hupenya kwa joto hata katika soli ya kiatu. Siku zile mtu akipanda lori kwenda Kitale, wenyeji walisema anakwenda "Kenya," kana kwamba Turkana ni nchi nyingine. Nasi tulikuwa watu waliotoka "Kenya." Tulifika na chaki, tukafika na rejista, tukafika na kiboko, ambacho siku zile kilikuwa ruhusa. (Serikali ilikuja kukipiga marufuku shuleni mwaka 2001.) Tena tulifika na adabu zetu, tukidhani ndizo adabu za dunia nzima. Mwalimu akiingia, watoto husimama wote na kumwamkia kwa Kiingereza, kwa sauti moja ya kuvuta kama wimbo. Aliyechelewa husimama mlangoni mpaka apewe ruhusa. Anayetaka kusema huinua mkono kwanza. Hatukujiuliza mambo hayo yalitoka wapi. Yalitoka Uingereza, yakapitia shule za misheni na za serikali ya kikoloni, yakawafikia walimu wetu, nao wakatupa sisi. Lakini sisi tuliyashika kana kwamba Musa aliyashusha mlimani pamoja na zile Amri Kumi.

Miaka michache kabla yake, kati ya 1979 na 1981, ilikuwako ile njaa kubwa ambayo Waturkana waliiita Lopiar. Mifugo ilikufa wengi sana. Jamaa ambazo hazikuwa na haja ya shule zikaanza kuleta watoto, maana shuleni palikuwa na chakula. Basi madarasani mwetu waliketi wavulana wakubwa, wenye miguu migumu ya machungani, pamoja na watoto wadogo wa mjini, wote wakisoma herufi zile zile.

Asubuhi moja somo lilikuwa limekwisha kuanza. Mvulana wa miaka kama kumi na minne akaingia. Hakusimama mlangoni. Alipita kati ya madawati, akaja moja kwa moja mpaka mbele, akanyosha mkono wake wa kulia na kusema, "Ejok?" Hiyo ndiyo salamu ya Kiturkana. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemsalimu mtu. Darasa zima likanyamaza. Nasi tukamwambia, "Toka nje! Hujui adabu?" Mkono wake ukabaki hewani. Akautazama kidogo, akaushusha, akatoka. Kwa muda tulimwona dirishani, amesimama chini ya mgunga, uso ameuelekeza kwetu. Wakati wa mapumziko hakuwapo tena. Kesho yake hakuja, wala juma lililofuata.

Hatutasema ni nani kati yetu aliyetamka maneno yale. Yule wa pili alikuwa amesimama mlangoni, akaona yote, na alicheka.

Baada ya majuma matatu tulikwenda kumtafuta, tukiongozwa na mzee mmoja wa kanisa. Tulitoka alfajiri, tukafika jua likiwa limepanda sana. Wanaume walikuwa wameketi chini ya mti, na baba wa mvulana alikuwa juu ya ekicholong yake. Hicho ni kigoda kidogo cha mbao ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana, na usiku hukilalia kichwa. Tukasalimiwa, mkono kwa mkono, mmoja mmoja, nasi tukaulizwa habari za njiani bila haraka yoyote. Ndipo mvulana wetu akatokea na mbuzi. Tulimtazama sana. Alisimama mbali na mti ule mpaka alipoitwa. Alikuja macho yakiwa chini. Akawasalimu wazee kwa mkono, kila mmoja, wala hakuketi. Akaambiwa alete maji, akaleta, akatupa sisi kwanza. Ndugu zangu, katika shule yetu yote hapakuwa na mtoto mmoja aliyekuwa na adabu kama ile.

Tukaanza kueleza kwamba tumekuja kwa habari ya shule na nidhamu. Mzee wa kanisa akafasiri. Baba akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno haya: "Mwanangu aliniambia kwamba aliwasalimu, nanyi mkaikataa salamu yake. Tangu siku hiyo ninafikiri. Mtu anayekataa salamu ya mtoto ana ugomvi gani na baba yake?"

Hatukuwa na jibu. Katika nchi ile mtu akimkuta mwenziwe nyikani, salamu ndiyo inayoleta habari za maji, na za majani, na za hatari iliyo mbele. Anayepita bila kusalimu, watu hushika silaha. Basi mvulana aliyekuta mtu mzima mahali, naye asiende kumpa mkono, huyo ndiye angalikuwa mkaidi. Yule kijana alituletea heshima yote aliyofundishwa na baba yake, akaileta mpaka mbele ya darasa, nasi tukaiita utovu wa adabu. Aliyevunja adabu chumbani mle alikuwa mwalimu.

Tuliomba radhi. Kwanza tulimwomba baba, na hilo halikuwa zito sana. Kisha tulimwomba mvulana, mbele ya wazee, na hapo ulimi uligoma. Mtu aliyezoea kuitwa mwalimu haoni neno hilo karibu. Tulilitafuta. Mvulana akanyosha mkono wake mara ya pili, nasi safari hii tukaushika.

Tungependa kuwaambia kwamba alirudi shuleni. Hakurudi. Mbuzi wachache waliosalia walihitaji mchungaji, na yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Mwaka uliofuata baba alituletea mdogo wake. Lakini yule wa kwanza hatukumfundisha hata herufi moja.

Tumeikumbuka habari hii hasa katika safari zetu za Kakuma. Mkitoka Lodwar mkifuata barabara ya Lokichoggio, baada ya kilomita kama 120 mnafika Kakuma, kwenye laga ya Tarach. Kabla ya 1992 palikuwa mji mdogo wa wafugaji na wachuuzi. Mwaka huo ilifunguliwa kambi ya wakimbizi, na kati ya waliofika kwanza walikuwamo maelfu ya wavulana wa Sudan ya kusini. Walikuwa wamekimbilia Ethiopia kwa miguu. Mwaka 1991 vita ikawatoa huko pia, wakatembea tena. Baada yao wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waganda na wengine. Kuanzia 2016 watu wakapelekwa pia Kalobeyei, ambako watoto wa Kiturkana husoma pamoja na watoto wa wakimbizi. Leo hao wote wamepita 200,000. Fikirini basi darasa la mahali kama hapo. Laweza kuwa na watoto mia na zaidi, na mwalimu mwenyewe mara nyingi ni mkimbizi. Jana jioni mwanafunzi alimwona bombani akingoja zamu yake ya maji na dumu mkononi, kama mama yake mwenyewe anavyongoja. Leo asubuhi amwite nani?

Majina wanayomwita ni mengi. Mtoto wa Kisomali humwita macallin, neno lililo ndugu wa mwalimu wetu, maana yote mawili yametoka katika Kiarabu. Mtoto wa Sudan Kusini humwita ustaz, na hilo ni ndugu wa ustadhi wetu. Mtoto wa Kongo aliyeanza shule kwa Kifaransa atasema Monsieur. Tena katika Kifaransa kuna "wewe" ya mwenzako na "wewe" ya mkubwa, na kuyachanganya ni kosa. Kisha anafika kwenye Kiingereza, anakuta neno ni moja tu kwa mbwa na kwa mfalme. Mtoto wa Kenya husema "tisha," na mgeni anayejua Kiswahili cha vitabu hushangaa, akidhani mtoto anaogopeshwa. (Pengine yuko anayeogopeshwa.)

Na mwili nao una maneno yake. Msichana wa Burundi akimpa mwalimu daftari, huutoa mkono wa kulia huku wa kushoto umeushika kiwikoni. Msichana wa Buganda hupiga magoti. Mvulana wa Kidinka akikaripiwa huinamisha macho, maana kumkazia macho mkubwa anayekuonya ni kumwambia uko tayari kupigana naye. Mwalimu aliyelelewa kwingine humwambia, "Niangalie ninaposema nawe!" Mtoto huzidi kuinama. Mwalimu huzidi kukasirika. Wote wawili wanajitahidi kufanya haki.

Tuliona na jambo hili. Msichana mmoja aliyelelewa Tanzania, mtoto wa wakimbizi wa Burundi, aliingia darasani siku yake ya kwanza, akamwambia mwalimu, "Shikamoo." Darasa likaangua kicheko. Kwao hilo lilikuwa neno la kitabu cha Kiswahili, la kujibiwa katika mtihani tu, halikuwa neno la kinywa cha mtu aliye hai. Mwalimu alikuwa Mkongo. Alisimama kimya mpaka kicheko kikaisha, akasema polepole, "Marahaba, mwanangu." Kisha akawaambia wengine wamwamkie hivyo hivyo kwa juma zima, wapate kujifunza. Tulipomsikia, tulimkumbuka mvulana wa Lodwar na mkono wake hewani.

Wale wavulana wa Sudan nao walikuja kugeuziwa mambo. Kuanzia 2000 na 2001, zaidi ya 3,000 kati yao walichukuliwa kwenda kuishi Marekani. Kabla ya kuondoka Kakuma walipewa masomo ya kujiandaa, wakaambiwa juu ya theluji, na jokofu, na namna ya kumtazama mtu machoni wanapozungumza naye. Wakafika kule wakakuta walimu wa vyuo wanaowaambia wanafunzi wawaite kwa jina lao la kwanza tu. Kijana aliyekwisha kuchapwa kwa kumtazama mwalimu sasa anaambiwa kwamba asipomtazama ataonekana mwongo. Tusiwacheke Wamarekani kwa hilo, wala tusiwasifu kupita kiasi. Yule mwalimu wa kule anayetaka aitwe kwa jina lake, naye anadhani adabu yake ndiyo ya dunia nzima, kama sisi tulivyodhani.

Sasa turudi katika somo letu. Ninyi mnaojua kuisoma Biblia mtaona kuna fundo hapa. Katika Injili ya Mathayo mlango wa 23, Bwana Yesu aliwakemea walimu waliokuwa wakitafuta kusalimiwa mbele ya watu na kuitwa Rabi, akawaambia wanafunzi wake wasikubali jina hilo, kwa kuwa wao wote ni ndugu. Lakini katika Yohana 13, usiku ule wa mwisho, yeye mwenyewe anasema kwamba wanamwita Mwalimu na Bwana, na kwamba wamesema vema. Je, amebadili neno lake? La. Jina hakulikataa. Aliwakataa wanaolila jina kama chakula na kuwaacha wanafunzi na njaa.

Na mtazameni Petro. Kwa desturi yao, kuosha miguu ilikuwa kazi ya mtumishi, tena wa chini. Petro anamwona Mwalimu amejifunga kitambaa, ameshika bakuli la maji, anapiga magoti. Anakataa katakata. Sisi tumezoea kumlaumu Petro hapa, tukisema ana kiburi. Hebu tufikiri tena. Petro ni mwanafunzi mwenye adabu! Anajua nani yu juu na nani yu chini, na hawezi kuvumilia kuona mpango huo umepinduliwa. Lau angekuwa mtoto wa darasa letu la 1982, tungemtuza. Naye Bwana hakumkemea kwa heshima yake. Alimwambia kwa upole kwamba jambo lile halielewi sasa, atalielewa baadaye. Petro akauliza, akakataa, akajibiwa, akarukia upande wa pili akitaka aoshwe mpaka kichwa, akajibiwa tena. Mwalimu mwenye mwanafunzi wa namna hiyo anahitaji subira nyingi. Muda wote huo maji yanapoa na miguu bado inangoja.

Wajuzi wa Kiswahili husema asili ya "shikamoo" ni kusema, "nashika miguu yako." Mdogo ndiye anayemwambia mkubwa hivyo. Usiku ule aliyeshika miguu alikuwa Mwalimu. Akashika miguu ya Petro, akashika na ya Yuda. Kisha akavaa nguo zake, akaketi tena mahali pake, akaendelea kuwa Mwalimu. Hilo tusiliruke. Hakubaki sakafuni, wala hakuwaambia kuanzia leo hakuna mkubwa wala mdogo. Alirudi kitini pake, akafundisha milango mitatu mizima inayofuata, nao wakasikiliza, tena wakamkatiza kwa maswali: Tomaso, na Filipo, na yule Yuda mwingine.

Tunajua wako wanaosema nyumbani sasa hivi: "Watoto wa leo hawana haya, kiboko kimeondolewa, nanyi mwataka mwalimu apige magoti?" Ndugu, hatusemi mtoto akimtukana mwalimu anyamaziwe. Yuko mtoto mkorofi, tena yuko kila kabila. Aonywe. Sisi wenyewe bado hatupendi kuona mtoto anaongea na mwalimu huku mikono imo mifukoni, na hatuoni haya kusema hivyo. Tunalosema ni dogo kuliko hilo. Kabla hujamhukumu, uliza. Kwenu mtu mkubwa huamkiwaje? Ni swali fupi, huulizwa kwa dakika moja. Lingalituletea mwanafunzi mmoja kule Lodwar.

Mwalimu mmoja wa Kakuma, mtu wa Sudan Kusini, alitusimulia kwamba siku ya kwanza ya muhula yeye husimama mlangoni, kila mtoto akampa salamu ya kwao, naye huijibu vile vile. Wengine humpa mkono, wengine hupiga goti, wengine huinama tu na kupita. Kwa watoto zaidi ya mia, kipindi kizima cha hesabu huishia mlangoni, na mwalimu mkuu hapendi. Tulimuuliza kama haoni amepoteza somo. Akasema siku ya pili huanza kuwafundisha adabu za shule, kusimama na kuinua mkono na zote, nao huzishika upesi, kwa kuwa za kwao zimekwisha kupokewa.

Yule mvulana wetu sasa ni mtu mzima, yapata miaka hamsini na zaidi, ikiwa Bwana amemhifadhi. Huenda ana ekicholong yake mwenyewe. Huenda ana wajukuu wanaokwenda shule. Hatujui yuko wapi.

Na tuombe.

Ee Bwana Yesu, uliyeitwa Mwalimu na hukukataa, tunakuomba kwa ajili ya walimu watakaoingia madarasani kesho asubuhi, huko Lodwar na Kakuma, na kila mahali tunaposikika. Uwape macho ya kuona mkono ulionyoshwa. Uwakumbuke walimu wakimbizi, wanaofundisha na njaa yao. Umkumbuke yule kijana tuliyemfukuza, na mbuzi wake, na nyumba yake, na watoto wake. Nasi utusamehe. Amina.